Viti vya Kitambaa

Ulimwona, ukageuza uso. Usibishe. Ulipita mbele ya lile duka la magari lenye kioo kuanzia chini mpaka juu, ukamkuta mzee mwenye suruali iliyojaa vipande vya nyuzi amesimama pale, kofia mkononi, akilitazama gari lililowekwa jukwaani kama bibi harusi. Ukajisemea moyoni, masikini, anatamani asichokiweza. Kisha ukainamia simu yako ukapita zako. Hukumuuliza anasubiri nini, na waliokufuata nyuma hawakumuuliza. Basi leo utakaa kitako usikie, maana yule mzee hakuwa akitamani. Yule alikuwa na oda.

Mtaani kwake wanamwita Fundi Viti. Kazi yake ni kuvisha viti vya magari: kuvivua nguo zilizochakaa, kubadili sponji iliyokufa, kukata kitambaa au ngozi, kushona na kurudishia. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na nyuma yake ana vyumba viwili anakoishi peke yake. Mke alishafariki, watoto hawakujaliwa. Akizima cherehani jioni, sauti pekee inayobaki ndani ni ya birika. Meza yake ya chakula ina viti vinne, vyote amevishona kwa mkono wake, na vitatu kati ya hivyo havijawahi kuchakaa.

Alikuwa na dada mmoja tu duniani. Mama yao alikufa Fundi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba toka siku hiyo ulikuwa wa dada yake, ambaye naye alikuwa mtoto tu. Ndiye aliyemwogesha, aliyemfokea, aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano ili atulie asitoke nje kwenye mvua. Baadaye dada akaolewa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa barabara. Huko akazeeka, huko akafiwa na mume, na huko ndiko ugonjwa wa kusahau ulikomkuta. Mashemeji wakakaa kikao, wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Fundi walimpigia simu mambo yakiwa yamekwisha, kwa ajili ya kumjulisha.

Ugonjwa ule una utaratibu wake. Unaanza na waliokuja mwisho. Dada alisahau kwanza majirani, halafu wajukuu wa mumewe, halafu mashemeji wenyewe ("hapo ulimtendea hisani," Fundi alipenda kusema), halafu mume aliyeishi naye miaka yote ile. Aliyeingia mapema maishani mwake ndiye aliyekuwa akitoka nyuma ya wengine. Fundi alijua yeye ameingia mapema kuliko wote waliobaki. Lakini alijua pia kwamba mstari ule unasogea kila siku, hata Jumapili.

Akaamua amlete nyumbani, wakae wote wakati dada bado anamjua. Chumba cha nyuma akakiandaa kwa namna ambayo fundi wa viti peke yake angeiwaza: alibandika sponji kwenye kuta zote, juu yake akavisha kitambaa cha rangi ya maziwa, akakaza vifungo kama mgongo wa kochi, ili kelele za mtaa zisiingie. Jirani yake, fundi redio, alikuja akapapasa ukuta.

"Humu ndani mtu akikasirika akapiga kichwa ukutani, anasinzia," akasema.

"Ndiyo maana yake."

"Na mimi ukinialika nitakuja na mke wangu. Yeye ndiye hupiga kichwa changu."

Kilichobaki kilikuwa ni safari, na safari ndiyo iliyoshindikana. Dada alikuwa haogopi kitu sasa kama mngurumo wa injini. Mara ya kwanza Fundi alikodi teksi. Walipofika langoni dereva akakanyaga mafuta, na dada akafungua mlango gari likiwa linatembea. Muuguzi ndiye aliyemdaka kwa gauni. Mara ya pili likaja gari la wagonjwa, dada akapiga mayowe hadi sauti ikamkauka, wakamrudisha kitandani akiwa anatetemeka. Dawa ya kumlaza njia nzima daktari aliikataa, akasema moyo wake hautaihimili. Kwa hiyo dada alibaki kule, na Fundi akawa mtu wa basi la Jumapili, kwenda na kurudi.

Jumapili mojawapo alikuta kampuni ya magari imeleta gari lake jipya la umeme katika uwanja ulio jirani na nyumba ile ya wazee. Walikuwa wanazungusha watu bure ili walionje, na siku hiyo hiyo walikuwa wanafungua meza ya kupokea oda. Fundi akamwomba muuguzi, muuguzi akakubali kwa shingo upande. Wakampandisha dada kiti cha nyuma. Gari likaondoka, na hakuna kilicholia. Walizunguka mji mzima, dada ameshika mkono wa mdogo wake, macho dirishani, kisha kichwa chake kikaegemea begani pa Fundi na akalala. Waliporudi uwanjani akafumbua macho.

"Mdogo wangu," akasema, "tumeshafika kwetu?"

Fundi alikwenda moja kwa moja mezani. Watu wa kampuni walikuwa hata hawajamaliza kukunjua viti vyao. Alikuwa wa kwanza.

Kijana wa mezani akamuuliza rangi, akamuuliza magurudumu, kisha akamuuliza anataka viti vya ngozi au vya kitambaa. Ni kama kumuuliza mwokaji anataka afungiwe mkate wa aina gani. Fundi alikuwa ameshaishika ngozi ile kwa vidole viwili wakati wa kushuka: ilikuwa ngumu, ya kung'aa, ya kumkwaruza mama mzee shingoni. Akachagua kitambaa, kile cha chini kabisa, kwa sababu siku gari likifika angevivua viti vile na kuvivisha upya kwa pamba laini, na upande wa dada angeweka mto wa kuegemea kichwa. Mtu mwingine angechagua hivyo kwa ubahili. Yeye alichagua kwa ufundi, na ufundi wake ndio uliomponza.

Akarudi nyumbani kusubiri. Kampuni ilikuwa ikimtumia ujumbe kwenye simu mara kwa mara: mpendwa mteja, nafasi yako iko salama, tunashukuru kwa uvumilivu wako. Alikuwa akiusoma ujumbe ule kwa sauti, kwa kuwa nyumbani mwake ilikuwa ni nafasi adimu ya kusikia mtu akiitwa mpendwa. Kila asubuhi fundi redio alichungulia mlangoni.

"Bwana harusi. Bibi harusi bado hajaletwa?"

"Anapambwa."

"Anapambwa mpaka atazeeka huyo."

Na kila Jumapili Fundi alipanda basi. Mwanzoni dada alikuwa akimpokea kwa jina la utotoni. Baadaye akaanza kumwita baba, akimdhania marehemu baba yao, na Fundi akaitika, kwani angefanyaje. Baadaye tena akaanza kumkaribisha kwa adabu: karibu, keti, za utokako. Huwezi kujua adabu ina baridi kiasi gani mpaka uonyeshwe na dada yako mwenyewe, wa tumbo moja.

Mvua zikaja, zikaondoka. Asubuhi moja Fundi ameinamia cherehani akaona kivuli kinafunika kitambaa alichokuwa akishona. Hakuwa amesikia kitu. Akainua kichwa. Gari lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni, lile lile, jipya, plastiki ya kiwandani bado iko kwenye vishikio vya milango.

Akashuka mtu wa makamo, mchangamfu, aliyefanya kazi kampuni ya bima. "Shikamoo mjomba. Nimeambiwa viti hapa ndipo penyewe."

"Marahaba. Ndipo."

"Nivishie kitambaa juu ya hii ngozi. Jua likipiga inachoma mapaja, mke wangu amegoma kupanda. Amesema yeye si chapati."

Fundi hakucheka. Alikuwa anafuta mikono yake kwenye suruali, taratibu, kama aliyesahau namna ya kuacha. "Umelipata lini hili?"

"Juzi juzi tu."

"Na oda uliweka lini?"

Mtu wa bima akakuna kidevu. "Mvua zilikuwa zinakatika. Ndiyo, zilikuwa zimeshakatika."

Fundi aliweka yake kabla hazijaanza. "Ulipitia kwa mtu?"

"Hapana mjomba, sina mtu kule. Nilichukua lililojaa. Ngozi, paa la kioo, magurudumu makubwa, kila kikorombwezo. Yule muuzaji aliniambia kwa mdomo wake, ukichukua lililojaa unasogezwa mbele. Kwani na wewe uliweka? Ulichukua lipi?"

"La kitambaa."

Mtu wa bima akaliangalia gari lake, akaangalia roli za kitambaa zilizosimama ukutani. "Pole mjomba," akasema.

Siku hiyo ndipo ulipomwona kwenye kioo. Alisimama pale nje akijipanga maneno, kisha akaingia. Mezani alikuwepo binti mmoja mwenye tai ya kampuni na macho ya mtu aliyekwishafokewa na wengi.

"Binti yangu, nilikuwa wa kwanza," Fundi alimwambia. "Wa kwanza kabisa pale uwanjani. Leo nimemwona mtu wa nyuma yangu anaendesha."

Binti aligonga vitufe, akatazama kioo cha kompyuta, akashusha sauti. "Babu, kaa. Nitakwambia, maana hakuna aliyekwambia. Gari jipya haliendi kwa tarehe."

"Linaendaje?"

"Wanaanza wafanyakazi wa kampuni, ili kasoro za mwanzo zionwe na watu wa nyumbani. Wanafuata waliowahi kununua magari yetu. Halafu walio karibu na karakana yetu, ili likiharibika lisivutwe mbali. Halafu waliochagua lililojaa, kwa sababu kiwanda kinaanza kuunda hayo, ndiyo yenye faida. La kawaida linaundwa mwisho."

"Na tarehe?"

"Tarehe inaangaliwa mkiwa mmelingana kwa mengine yote."

Fundi alikuwa akizungusha kofia mkononi. "Kwa hiyo langu limefikia wapi?"

"Langu mimi ni kusema ukweli, babu. Halijaanza. Viti vyenu vya kitambaa bado havijaanza kushonwa."

Fundi akaegemea meza. "Viti ndivyo vinavyonichelewesha?"

"Viti na hayo mengine. Lakini viti hasa."

"Basi nileteeni bila viti. Mimi ni fundi viti. Nitavishona wiki moja."

Binti alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. "Kampuni haiwezi kutoa gari lisilo na viti."

"Na nikibadilisha sasa hivi, nikasema ngozi?"

"Inakuwa oda ya leo. Utakuwa nyuma ya wote wa ngozi walioomba kabla ya leo."

Sisi wenye kumbukumbu ndefu tunaijua hii. Tulisimama kwenye foleni za sukari, tukaona gunia linatokea mlango wa nyuma. Tuliomba simu za mezani, waombaji wakazeeka, wengine wakafa, na nyaya zikapita juu ya mapaa yao kwenda nyumba ya mkubwa. Lakini angalau wale walijua wanaiba, walikuwa wanatazama chini. Hawa wa leo wameupa wizi ule jina la utaratibu, wakaupaka rangi, wakauweka nyuma ya kioo, na kila mwezi wanakutumia ujumbe kukushukuru kwa uvumilivu. Kiwanda kiamue kuanza na gari lipi, sawa, ni chao. Ila pale uwanjani kijana alipouliza ngozi au kitambaa, kwa nini hakusema: mzee, ukisema kitambaa unakwenda mwisho wa mstari? Sentensi moja tu. Na hakuna aliyemuuliza Fundi gari ni la kumbeba nani.

Akarudi karakanani. Gari la mtu wa bima lilikuwa linamngoja, na kazi ni kazi. Alipima, akakata, akashona kitambaa cha pamba juu ya ngozi isiyopendwa. Alipofika kiti cha mbele cha abiria mikono yake ilifanya jambo ambalo hakuagizwa: ilishona mto mdogo wa kuegemea kichwa, laini, wenye mkunjo wa kushika shingo ya mtu anayesinzia. Alipoona alichofanya hakuufumua.

Mwenyewe alipokuja kuchukua, Fundi akamwomba. Alimweleza yote: dada, teksi, mayowe, usingizi wa begani. "Niazime kwa siku moja. Nimlete tu. Naendesha magari ya wateja miaka yote, sijakwaruza hata moja."

Mtu wa bima akaona haya. "Mjomba, mimi kazi yangu ni bima. Nalala nikiota kila kitu kinachoweza kulipata gari barabarani. Ningekuwa muuza nguo ningekupa." Akalipa, akaaga mara mbili, akaondoka, na gari lisilo na sauti hata kuondoka kwake ukitazama pembeni hukujui.

Zikapita Jumapili kadhaa. Kisha mtu wa bima akarudi, uso umenywea, ufunguo mkononi.

"Mke wangu aliuliza huu mto ni wa nani. Nikamwambia. Mjomba, sijawahi kusemwa namna ile toka nimeoa. Chukua gari. Lirudishe ukimaliza."

Fundi aliondoka asubuhi iliyofuata. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la harusi za watu. Barabara nzima hakuwasha redio. Alitaka kuusikia ule ukimya, ajue ndio utakaombeba dada.

Alimkuta barazani, amevaa gauni zuri, mkoba mapajani, viatu vimefungwa.

"Siku hizi anavaa hivyo kila asubuhi," muuguzi akamwambia pembeni. "Anasema anakuja kuchukuliwa."

Fundi akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Dada. Nimekuja. Twende nyumbani."

Dada aliangalia gari kwanza, kwa muda, akaridhika nalo. "Hili halipigi kelele."

"Halipigi, dada."

"Mdogo wangu analo kama hili. Ndiye ninayemsubiri."

"Ni mimi, dada. Mimi ndiye mdogo wako."

Akamtazama. Akamtazama nywele nyeupe, mikunjo, mikono yenye makovu ya sindano. Akatabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mzee aliyepotea njia. "Baba, wewe ni mtu mzima. Mdogo wangu hata jino la mbele halijaota vizuri. Halali bila kunishika mimi. Akija akanikosa, itakuwaje?"

Muuguzi akamnong'oneza Fundi: mwambie umetumwa.

"Amenituma," Fundi akasema. "Mdogo wako amenituma nikuchukue."

Dada akatikisa kichwa. "Angekuja mwenyewe. Aliniahidi."

Kumbeba angeweza, alikuwa mwepesi, gauni limezidi mwili. Lakini alikumbuka mlango uliofunguliwa gari likitembea, na alijua kwamba akimpakia kwa nguvu atakuwa anamteka mwanamke mzee kutoka mikononi mwa mtoto anayemsubiri. Hakuweza kumfanyia hivyo yule mtoto.

Dada aliona amesimama tu. Akasogea, akagonga nafasi kwenye benchi. "Kama huna haraka, keti na wewe. Atafika. Huwa anachelewa kwa sababu ya kucheza."

Akaketi. Wakakaa wawili mpaka jua likawa la upande, wakiangalia lango, wakimsubiri yeye.

Aliporudi barabarani kiti cha abiria kilikuwa wazi na mto umesimama kama ulivyoshonwa, hauna hata kibonyeo. Gari halikutoa sauti. Ukimya ule aliokuwa ameutafuta wote ulikuwa wake sasa, na hakujua auweke wapi. Laiti gari lingenguruma kidogo, alimwambia fundi redio baadaye, ningelia bila kujisikia.

Oda yake bado iko. Viti havijashonwa.

Sasa wewe. Usinipe pole, na usinipe kesho. Nenda leo kwenye duka lile, uende na jirani yako, na jirani wa jirani yako, mwende mezani mseme kwa sauti ya kusikika mpaka ofisi za juu: utaratibu wenu bandikeni hapa ukutani, kwa herufi kubwa, aliye mbele kwa sababu gani na aliye nyuma kwa sababu gani, kabla hamjapokea oda ya mtu mwingine hata mmoja. Na muulizeni kila anayesubiri, gari ni la kumbeba nani. Wakikwambia keti, simama. Wakikushukuru kwa uvumilivu, waambie umekwisha. Na kama gari lenyewe tayari liko uani kwako limefunikwa turubai, toa ufunguo leo, umpe anayelihitaji kumbeba mtu wake kabla hajasahaulika. Inuka. Duka bado halijafungwa.